Hakujibu: kimya katika mazungumzo ya riwaya za Kifaransa

Swali la msomaji: "Ninafundisha Kifaransa katika shule ya sekondari hapa Bujumbura. Ninafasiri sura chache za Moderato cantabile ya Marguerite Duras ili wanafunzi wazisome kwa Kiswahili kabla ya kuingia kwenye Kifaransa chenyewe. Mwanamke na mwanamume wamekaa mkahawani, wanaulizana. Mara mmoja hajibu, mara mwandishi anarukia jambo jingine kabisa. Wanafunzi wananiambia tafsiri yangu ina mapengo. Nikiongeza maneno mawili matatu ya kuunganisha nitakuwa nimekosea? Na kimya hiki kina kazi gani hasa, maana nakiona kwa Camus pia na kwa wengine?"

Jibu:

Mwalimu, ukiongeza utaharibu, na nitakuonyesha panapovunjika. Wanafunzi wako wameona sawasawa: mapengo yapo, na Duras ameyaacha kwa kipimo. Taabu huanza msomaji anapouliza kimya hiki kina maana gani. Swali hilo halina mwisho. Mmoja atasema ana huzuni, wa pili ana haya, wa tatu anaficha jambo, na wote watatu watakuwa wanabahatisha. Uliza hivi: mtu amenyamaza, sasa mstari unaofuata umefanya nini? Kimya katika riwaya hizi husomwa kwa kile kinachokifuata.

Chukua kurasa za kwanza za kitabu chako chenyewe, kilichotoka Éditions de Minuit mwaka 1958. Mtoto yuko kwenye somo la piano. Mwalimu wa muziki anamtaka asome yaliyoandikwa juu ya noti zake, naye anasoma: moderato cantabile. Anaulizwa maana yake. Hajui. Mwalimu anakasirika, anagonga kinanda kwa penseli, anauliza tena. Mtoto hatikisiki. Hapo ndipo bahari inaposikika kupitia dirisha lililo wazi, na mashua ya injini inapita kwenye fremu ya dirisha. Kisha mwanamke anapiga ukelele barabarani, chini ya jengo. Riwaya nzima inatoka kwenye ukelele huo: mwanamke ameuawa mkahawani, na mama wa mtoto, Anne Desbaresdes, atakuwa anarudi pale kuuliza habari zake.

Sasa mfanye mtoto ajibu swali. Aseme ni mwendo wa wastani, kwa namna ya kuimba. Chumba kinajaa maneno, na ukelele unapokuja unakatiza maongezi, basi. Kwa kuwa mtoto amenyamaza, sikio letu limeachwa wazi. Limepokea bahari, limepokea mashua, na ukelele umelikuta linasikiliza. Mfasiri akiongeza kwamba mtoto "alikataa kujibu kwa sababu hakulipenda somo", tunaanza kumchunguza mtoto na dirisha tunalisahau. Sentensi moja ya kusaidia, na ukelele umepoteza nusu ya nguvu zake.

Mkahawani mambo ni hayohayo kwa sura nyingine. Anne anamuuliza Chauvin, mwanamume anayekaa naye mezani, kuhusu marehemu na muuaji. Chauvin hajui kitu cha maana, na karibu yote anayosema anayabuni. Maswali ni kisingizio cha kuendelea kukaa mezani. Kwa hiyo jibu linapokosekana hakuna habari iliyopotea; kilichobaki ni wale wawili na glasi zao za mvinyo. Muda wa kimya hapa hupimwa kwa vitu: mvinyo unaoagizwa tena, mikono inayotetemeka kisha ikatulia, mwenye mkahawa anayefuma sweta jekundu nyuma ya kaunta, redio anayoifungulia, king'ora cha kiwanda cha saa kumi na mbili jioni na wafanyakazi wanaoingia baada yake. Duras haandiki "muda ulipita". Sweta ndilo saa. Ukilihamisha sweta kutoka mahali pake, au ukilifuta kwa kudhani ni pambo, umevunja saa ya chumba.

Tuje kwenye sarufi, kwa sababu makosa mengi huingilia hapa kabla hata ya mtindo. Kifaransa kinatofautisha aina za kutosema kwa kitenzi na kwa wakati wake. Il se tut ni tukio: alikuwa anasema, ameacha. Andika "alinyamaza". Il se taisait ni hali iliyokwisha kuwepo: "alikuwa amenyamaza", au "alikuwa kimya". Il ne répondit pas inadai kuwa kulikuwa na swali mezani na swali limeachwa hapohapo: "hakujibu". Il ne dit rien haidai swali: "hakusema kitu". Nimeona tafsiri ambazo zote nne zimekuwa "akakaa kimya", na matokeo yake msomaji hajui tena nani amekataa na nani amechoka.

Aina ya tano ni kimya kisicho na mwenyewe: il y eut un silence, au neno lenyewe tu limesimama peke yake. Hapa Kiswahili kimebarikiwa kuliko Kifaransa. Tuna "pakawa kimya" kwa mahali mahususi, "kukawa kimya" kwa mahali pasipo mipaka, na "mkawa kimya" kwa ndani ya chumba. Ngeli ya mahali inafanya kimya kiwe cha mkahawa, wala si cha Anne wala si cha Chauvin. Itumie bila woga. Ninachokusihi uepuke ni "kimya kikatanda" na jamaa zake wote, pamoja na kile cha maji ya mtungi. Si Kiswahili kibaya, ni Kiswahili kilichokwisha kutumika mno. Jicho hupita juu yake bila kusimama, na wewe ulitaka lisimame.

Kiambishi -ka- kina hatari ya pekee. Ni uti wa mgongo wa usimulizi wetu, na kazi yake ni kuunganisha: hili, likafuatiwa na lile, mara nyingi na harufu ya sababu. Duras hufanya kinyume. Huweka sentensi kavu kando ya sentensi kavu. Ukiandika "hakujibu, akatazama dirisha", umesema alitazama dirisha kwa kuwa hakutaka kujibu. Ukiandika "Hakujibu. Alitazama dirisha", umeweka vitendo viwili na umeacha nafasi katikati. Kwa hiyo pale unapokuta kimya, vunja mnyororo wa -ka-, rudi kwenye -li- na uweke nukta. Katika usimulizi wa kawaida wa sura hiyohiyo endelea na -ka- kama ulivyozoea, la sivyo Kiswahili chako kitakuwa cha mbao.

La tatu katika sarufi huwakumba hata wafasiri wazoefu. Kifaransa kinaweza kuficha kitu kwa herufi moja. Mhusika akisema je l'ai perdu, hatujui amepoteza nini: mume, kitabu, kazi, mtoto. Anaweza kwenda kurasa kumi bila kukitaja. Kiswahili hakikubali kirahisi, maana kiambishi cha yambwa (mtendwa) kinataja ngeli. "Nimempoteza" imesema ni kiumbe. "Nimekipoteza" imesema ni kitu cha ki-vi. "Nimeipoteza" imeondoa watu wote. Siri imetoka mdomoni kabla mhusika hajataka. Dawa ni kuacha kiambishi: "nimepoteza", kisha nukta. Inasikika pungufu kidogo, na upungufu huo ndio unaoutaka. Vivyo hivyo sentensi iliyokatwa kabla ya yambwa: vous avez vu… iwe "uliona…", isiwe "ulimwona…".

Upande wa pili wa shilingi: Kiswahili hakitofautishi il (yeye mwanamume) na elle (yeye mwanamke). Katika mazungumzo ya Anne na Chauvin, muuaji ni il na marehemu ni elle, na taratibu elle huyo anaanza kufanana na Anne mwenyewe. Kwa "a-" yetu wote watatu wanaweza kuchanganyika mpaka msomaji apotee. Ongezeko moja ninalikubali hapa: taja "yule mwanamke" au "yule mwanamume" mara moja mwanzoni mwa kila mazungumzo, kisha acha. Ukirudia kila mstari, ule utata wa Anne na marehemu, ambao ndio moyo wa kitabu, unakauka.

Nikuonyeshe kwa karibu. Mfano huu si wa mwandishi yeyote, nimeutunga kwa ajili ya jibu hili tu. Mume na mke wamo jikoni, mume ndiye anayeuliza:

— Barua umeiona?
Alikuwa anamenya chungwa. Ganda lilitoka zima, mzunguko mmoja.
— Mvua imekatika, alisema.

Na sasa uleule baada ya mfasiri mwenye huruma kuupitia:

"Barua umeiona?" aliuliza kwa wasiwasi.
"Mh," aliguna, akajifanya anamenya chungwa ili kulikwepa swali lile zito. Kimya kikatanda.
"Mvua imekatika," hatimaye alisema, akibadili mada.

Hesabu hasara. "Kwa wasiwasi" imetuambia sauti ambayo tulipaswa kuidhania baada ya kuona chungwa. "Mh" ni neno. Kwetu ni jibu kamili, linaweza kuwa ndiyo, hapana au nimekusikia, kwa hiyo kimya hakipo tena. Mwandishi wa Kifaransa anayetaka mguno huuandika. Asipouandika, usimguniie mhusika wake. "Akajifanya" na "kulikwepa" zimetoa hukumu: mke ana hatia. Katika mfano wa kwanza huenda barua hajaiona, huenda ameichoma, huenda mawazo yake yako mbali. Na lile ganda lililotoka zima limetoweka, ingawa ndilo lililotuambia kimya kilidumu kiasi gani: muda wa kumenya chungwa zima bila kukata ganda, kwa mkono usiotetemeka.

Utaona pia nimebadili alama. Vitabu vya Kifaransa huanzisha zamu ya msemaji kwa kistari kirefu, na hakuna alama ya kufunga. Sauti inaisha bila mlango. Alama za kunukuu, tulizozizoea katika vitabu vyetu, hufungua na kufunga. Ni nzuri kwa hadithi nyingi, lakini kwa Duras zinaweka ukuta kati ya usemi na kimya kinachoufuata. Baki na kistari. Onyo la kikazi: programu nyingi za kuandikia hugeuza kistari cha mwanzo wa mstari kuwa orodha, na mazungumzo yako yatatoka kama bei za sokoni. Zima orodha za kujiandika zenyewe, au kwenye Windows bonyeza Alt na 0151 upate kistari kirefu halisi. Nukta za dukuduku ni tatu, kamwe si tano wala saba. Alt na 0133 huziandika kama alama moja isiyovunjika mwisho wa mstari. Mstari mtupu nao ni sehemu ya maandishi. Mpangaji wa kurasa akiuona huufuta akidhani ni kosa la kidole, basi mwandikie pembeni: hapa acha mstari mmoja mtupu.

Heshima hiyo kwa nafasi tupu si ya juzi. Mwaka 1920, akiandika juu ya mtindo wa Flaubert, Marcel Proust alisema kitu kizuri kupita vyote katika L'Éducation sentimentale ya 1869 si sentensi bali ni nafasi nyeupe. Frédéric, mhusika mkuu, anamtambua Sénécal, askari aliyeua, kisha nafasi, kisha msimulizi anasema alisafiri, na miaka mingi imekwisha kupita. Pale hakuna mazungumzo, lakini wanariwaya waliofuata walijifunza kwamba ukurasa mtupu unaweza kusimulia.

Kwa mazungumzo yenyewe, mwalimu mkuu wa nadharia ni Nathalie Sarraute. Katika insha zake zilizokusanywa mwaka 1956 chini ya jina L'Ère du soupçon, alilalamikia vile vibandiko vya "alisema Jeanne, alijibu Paul" kuwa ni mabaki ya riwaya ya zamani, akaeleza kuwa chini ya maneno yanayosikika kuna mazungumzo mengine, ya mitikisiko midogo isiyofikia ulimi. Riwaya zake zimejaa nukta za dukuduku kwa sababu hiyo: sentensi inaanza, inahisi hatari, inarudi nyuma. Mfano wake mkali zaidi uko kwenye tamthilia, lakini nakupa kwa kuwa darasani utafanya kazi kuliko maelezo ya nusu saa. Katika Pour un oui ou pour un non ya 1982, marafiki wawili wa siku nyingi wameachana. Mmoja anataka kujua kisa. Mwenzake, baada ya kubanwa, anakiri: siku moja nilikueleza mafanikio yangu madogo, ukasema c'est bien… ça. Kosa lote liko kwenye bien iliyovutwa na pumzi iliyokaa kabla ya ça. Urafiki umekufa ndani ya nukta tatu.

Unaifasirije? "Ni vizuri… hiyo" haimchomi mtu. Mimi ningeandika "Hongera… basi." Waambie wanafunzi waseme kwanza "hongera basi" kwa mkupuo, kisha waseme tena wakiweka pumzi katikati. Hakuna atakayeuliza tena kimya kinafanya nini.

Umetaja Camus. Katika L'Étranger (1942) mtazame hakimu mchunguzi anapomuuliza Meursault, msimulizi aliyeua mtu, kwa nini alisubiri kati ya risasi ya kwanza na ya pili. Meursault anaona tena ufuo mwekundu na kuhisi jua kwenye paji la uso, na safari hii hajibu. Tumia swali letu: nini kimefuata? Hakimu ndiye anayehangaika. Anajishika nywele, anaegemea meza, na mwishowe anatoa msalaba wa fedha kwenye kabati la mafaili. Kimya cha mshtakiwa kimemfanya mwulizaji avue kinga yake. Tumejua imani na woga wa hakimu, na juu ya Meursault hatujaongeza lolote. Mfasiri akiandika "sikujibu kwa kuwa sikuona maana" amemhamishia Meursault mwanga uliokuwa kwa hakimu.

Camus ana kimya kingine, cha kundi, katika hadithi fupi Les Muets ya mwaka 1957. Mafundi wa mapipa wanarudi kazini baada ya mgomo ulioshindwa. Hawakupanga kunyamaza, mwajiri anapowasemesha, midomo haifunguki tu. Asubuhi ni silaha. Kisha binti mdogo wa mwajiri anaugua ghafla, gari la wagonjwa linakuja, na jioni mwajiri huyo anawaaga. Wanataka kusema neno la pole na hawawezi. Kimya kilekile, midomo ileile, lakini tukio lililofuata limekigeuza kutoka silaha kuwa pingu. Ukiwa na kipindi kimoja tu cha darasa, hii ndiyo ya kuwapa: ni fupi na haihitaji utangulizi.

Vercors ameandika kitabu kizima juu ya msingi huu. Le Silence de la mer kilitoka kwa siri mwaka 1942, Ufaransa ikiwa chini ya jeshi la Ujerumani, na ndicho kitabu cha kwanza cha Éditions de Minuit, nyumba hiyohiyo iliyochapisha baadaye kitabu chako cha Duras. Afisa Mjerumani, Werner von Ebrennac, amepangishwa kwa nguvu kwa mzee na binti wa ndugu yake. (Kifaransa hakisemi kama ni mjomba au baba mdogo. Chagua neno lisilofichua, mathalani "binti wa ndugu yangu". Ukiandika "mpwa" umeshamtaja dada ambaye Vercors hakumtaja.) Wawili hao hawamsemeshi. Kila jioni anashuka, anazungumza juu ya muziki na fasihi na nchi zote mbili, anawatakia usiku mwema, anapanda. Kwa kuwa hajibiwi, inabidi ajijibu mwenyewe, na kila jioni anafunua zaidi kile anachokiamini. Zamu ya wenyeji katika mazungumzo inachukuliwa na vitendo vya mikono: sindano ya binti, kiko cha mzee. Vipe hadhi ya usemi. Kila kimoja kipate sentensi yake, usivikusanye kuwa "huku wakiendelea na shughuli zao". Karibu na mwisho mzee anamruhusu kuingia kwa maneno mawili, na mwishoni kabisa binti anatamka moja: adieu, kwaheri ya mwisho.

Hapa wanafunzi wako watakukumbusha kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu, na kwa Vercors methali inakaribia kutimia, ingawa mshindo wenyewe ni neno moja lisilosikika vizuri. Ila waonye. Msomaji aliyekuzwa na methali hiyo atasubiri mshindo kila mahali, na mara nyingi hautakuja. Mtazame Simenon, Mbelgiji aliyeandika kwa Kifaransa, katika Le Chat ya 1967: mume na mke wazee wameacha kusemeshana baada ya paka wa mume kufa, mume akiamini mke amempa sumu. Wanaishi nyumba moja, wanaviziana, wanatupiana vikaratasi vyenye neno moja au mawili. Kimya hakilipuki, kimekuwa ndiyo ndoa yenyewe, na anayesoma akingoja ugomvi mkubwa ataona kitabu hakina kitu.

Nikigusa tu na wengine: katika La Jalousie ya Robbe-Grillet (1957), mume ndiye msimulizi lakini hasemi "mimi" hata mara moja, na maneno yake mezani hayaandikwi, tunasikia mke, A…, na jirani Franck wakizungumza, na uwepo wake tunaujua kwa sahani ya tatu na kiti cha tatu. L'Inquisitoire ya Robert Pinget (1962) ni kinyume chake, mtumishi mzee anayelazimishwa kujibu maswali tangu sentensi ya kwanza, na kadiri anavyosema ndivyo tunavyojua kidogo. Des hommes ya Laurent Mauvignier (2009) inahusu vijana waliopelekwa vita vya Algeria wakarudi bila kusema walichokiona. Hicho ni kimya cha kizazi, na kinataka jibu lake peke yake.

Kazini sasa. Chukua kurasa mbili za Kifaransa na penseli. Pigia mstari kila swali, kisha weka alama kwenye kila swali lisilo na jibu. Kando ya kila alama andika mambo matatu: kimya ni cha nani (au hakina mwenyewe), kimewekwa kwa kitenzi, kwa nukta, kwa kitu au kwa nafasi tupu, na mstari unaofuata unamwangazia nani. Fasiri baada ya hapo, si kabla. Rasimu ikiisha, hesabu alama zako za Kifaransa na za Kiswahili. Zikipungua umejaza mahali. Tafuta "mh", "kwa sababu", "huku aki-", "hatimaye" na vitenzi vya kupamba kama alinong'ona, alifoka, alidakia. Mara nyingi Duras hurudia dit, kavu, pamoja na jina. Rudia "alisema" hivyohivyo, hata mhariri akilalamika. Alama za Kiswahili zikizidi, nalo ni kosa, la mfasiri aliyependezwa na kimya akaanza kukipanda asipokikuta. Mwisho msome kwa sauti wawili, kila mmoja na zamu zake, na wa tatu asome masimulizi. Panapowakwaza ulimi ni Kiswahili chako. Panapowanyamazisha ni Duras.

Kuhusu kumwita mtu: Anne na Chauvin wanaitana vous, ile ya heshima, mwanzo hadi mwisho. "Wewe" inatosha. Usiweke "bwana", "mama" wala "dada" kati yao. Kwetu ni adabu ya kawaida, lakini kwao ingejaza umbali ambao mvinyo wote ule haujaujaza. Wengine wanapomwita Anne madame, hapo "bibi" inakaa vizuri.

Na ukifika sura ya mwisho utakutana na mtego mkubwa kuliko yote. Chauvin anamwambia Anne kwamba angependa awe amekufa. Anne anajibu c'est fait. Kishawishi ni "nimeshakufa", lakini yeye hakulitamka neno kifo. Amelitamka Chauvin, yeye amelipita. "Imeshakuwa" ni sahihi na nzito kidogo. "Tayari" ni bora: neno moja, halina mtu, halina kifo. Kisha fuatilia vitu kwa mpangilio wake. Anne anazunguka kiti chake ili asilazimike kukikalia tena, anatoka. Mwenye mkahawa anaongeza sauti ya redio. Baadhi ya wanaume wanalalamika kwamba iko juu mno.